Doa Mbele ya Kioo cha Rubani

Doña Eulogia anasema baba yangu aliingia kliniki na panga. Anasema alikuwa amelewa tangu asubuhi, akaupiga mlango teke, akamkimbiza Daktari Plutarco kukizunguka kile kiti cha kung'olea meno, mgonjwa akiwa bado amekaa hapo na pamba mdomoni, kisha akaikata ile ndege ya mbao ya Daktari vipande viwili kama anayekata muwa. Mimi, anasema, nilikuwa pembeni nacheka. Amewasimulia haya watu wa foleni ya tortila, mikate yetu ya mahindi, amemsimulia fundi viatu, na leo asubuhi ameyasimulia mlangoni mwa kanisa. Kila anaposimulia panga linarefuka.

Hakukuwa na panga. Panga letu limevunjika mpini, kazi yake sasa ni kuzuia mlango wa banda la kuku. Baba hanywi, tumbo lake lilishamkataza. Mgonjwa hakuwepo, maana ilikuwa saa ya chakula cha mchana na Daktari alikuwa amekwenda kula kwa mama yake kama anavyofanya kila siku. Ndege haina hata mkwaruzo. Na mimi sikucheka. Nilikuwa nimeuma meno mpaka masikio yakaniuma.

Nayaandika kama yalivyokuwa kwa sababu nimechoka kusikia maisha yetu yakisimuliwa na mtu aliyekuwa nyumbani kwake anachambua maharage.

Baba yangu jina lake ni Hermógenes Cálix, lakini ukija kilimani kwetu ukauliza nyumba ya Hermógenes utazunguka mpaka jioni. Uliza nyumba ya Kizibo. Alikuwa fundi wa ndege za jeshi wakati wa vita vile vifupi kati yetu na jirani zetu Wasalvador. Risasi zilikuwa zimeshanyamaza, watu wameshaanza kupeperusha bendera barabarani, ndipo Luteni Amílcar Elvir aliporuka na ndege yake ya Corsair kwenda kuangalia mpaka, asirudi. Ndege ilianguka kwenye misonobari upande wa kusini. Aliyeihudumia asubuhi ile alikuwa baba. Askari mmoja akamwambia mtu, mtu akamwambia mama wa Luteni, kwamba kifuniko cha tangi la oili hakikukazwa. Oili ikamwagikia kioo, injini ikakauka, mtoto wa watu akafa kipofu angani. Hakuna aliyechunguza. Mabaki yaliuzwa chuma chakavu. Baba aliondolewa jeshini bila kuulizwa swali, na alipofika nyumbani lile jina lilikuwa limemtangulia.

Mimi sikuwa nimezaliwa. Nilichorithi ni ule mlio. Unatia kidole ndani ya shavu, unakifyatua: pwap, kama chupa inayozibuliwa. Shuleni mwalimu akigeukia ubao tu, pwap, kutoka dawati la nyuma, kisha la mbele, kisha kila mahali, na mwalimu akigeuka anakuta watoto wote wameinamia madaftari kama malaika. Nilimaliza darasa la sita nikasema yatosha. Wakubwa nao hawakuwa bora. Kinyozi wetu humfanyia baba mpaka leo, na baba hukaa kimya shingo imeinama chini ya wembe wa huyo huyo.

Kwa nini basi nilikwenda kufanya kazi kwa Daktari Plutarco Elvir, mdogo wake yule Luteni? Kwa sababu kliniki yake ilikuwa inatafuta mtu wa kupiga deki. Na kwa sababu aliponiuliza jina, nikamwambia Nazaria Cálix, alinitazama kidogo, akasema ndoo iko nyuma ya mlango. Nilimheshimu kwa hilo. Nilidhani ndivyo watu waungwana wanavyozika mambo.

Kutoka kwenye ndoo nilihamia kwenye meno. Daktari hutengeneza meno ya bandia, na meno ya bandia yakitoka kwenye kalibu huwa meupe kama sahani. Mzee mvuta sigara ukimtia meno ya namna hiyo, mjukuu wake atamkimbia. Lazima uyazeeshe. Unatia njano karibu na ufizi, kahawia kidogo sana katikati ya jino na jino pale kahawa inapojificha, ufa mwembamba kwenye jino la mbele kana kwamba mtu alishalifungulia soda. Daktari alinikuta siku moja natazama seti iliyokuwa mezani, akaniuliza nina nini. Nikamwambia bwana huyu anatafuna upande wa kulia, sasa mbona upande wa kulia haujalika? Alicheka, akanipa brashi. Tangu hapo madoa ya meno ya mtaa mzima yamepita mkononi mwangu.

Ndege aliichonga mwenyewe, kwa mwerezi, akiikalia baada ya wagonjwa kwisha. Ilikuwa Corsair ya kaka yake, na namba ya kaka yake ubavuni. Aliivisha bati jembamba la alumini alilopewa na watu wa kiwanda cha uchapaji, akatoboa alama za misumari kwa sindano ya meno, mstari baada ya mstari. Mabawa yake, yale yanayoshuka kwanza ndipo yakapanda, kutoka ncha hadi ncha yalikuwa marefu kuliko mkono wangu. Alitaka kuikabidhi kwa manispaa siku ya kumbukumbu ya vita, ikae ukumbini ndani ya sanduku la kioo. Siku hiyo ni kesho.

Alipomaliza kuipaka bluu aliisogeza mbali, akaitazama, akakunja uso.

"Nazaria," akaniita. "Njoo uangalie. Hii inafanana na meno ya Doña Eulogia."

Kweli ilifanana. Ilikuwa inang'aa kijinga. Akaniuliza ningeizeeshaje, nami kwa ujinga wangu nikafurahi mpaka nikasahau ile ni ndege ya nani.

Tuliivua rangi tukaanza upya. Juu ya bati nilipuliza ile dawa ya wanawake ya kushikiza nywele, ikakauka, ndipo Daktari akapuliza bluu kwa bomba dogo lililoungwa kwenye pampu ya kiti chake cha wagonjwa. Kisha nikachukua mswaki na maji ya uvuguvugu, nikasugua taratibu pale ambapo mtu angekanyaga akipanda, pale ambapo bisibisi ingeteleza, kwenye ukingo wa mbele wa bawa unaopigwa na mchanga. Bluu ikabanduka vipande vidogo, fedha ikachungulia. Mahali pengine nilinyunyiza chumvi kabla ya rangi, nikaisugua baadaye, ikaacha madoadoa ya jua. Nilisaga masizi ya kikaango chetu cha tortila nikayapaka nyuma ya mabomba ya moshi, na mbele ya mabawa pale zilipo bunduki. Matope ya magurudumu ni udongo wa hapa hapa kilimani, nilioukusanya kwenye ngazi baada ya mvua.

Watu hudhani kuchafua kitu ni kukirushia uchafu. Uchafu una tabia yake. Unafuata upepo, unafuata mvua, unafuata mguu wa mtu. Ukitia doa mahali ambapo mguu haufiki, jicho la mtazamaji linagoma hata kama mwenyewe hajui kwa nini. Nilikaa na ile ndege majuma mengi. Nyumbani sikusema kitu. Baba alidhani nachelewa kwa sababu ya meno.

Alhamisi Daktari alivuta kiti akakaa karibu nami. Kwa ncha ya sindano akanionyesha kifuniko kidogo cha duara mbele ya kioo cha rubani.

"Bado hapa," akasema. "Oili. Itoke hapa, ipande kioo, ishuke ubavuni mpaka kwenye namba."

Nikamwuliza hiyo ni oili ya siku gani.

"Unajua ni ya siku gani."

"Na unajua mimi ni binti wa nani."

"Ndiyo maana nataka uitie wewe." Alisema kwa upole, kwa sauti ile ile anayotumia kumwambia mgonjwa hutasikia maumivu. "Mkono wa nyumba yenu uiweke, watu waione, tuwe tumemaliza. Mimi sina chuki, Nazaria. Nimekupa kazi, sivyo? Nimekaa nawe miaka yote hii."

Hapo ndipo nilipoielewa ile ndoo iliyokuwa nyuma ya mlango. Nikauelewa na ule mswaki, na ile brashi, na kila mara aliponiita mbele ya wagonjwa akawaambia tazameni huyu ana mkono. Alikuwa ananinoa. Damu ilinipanda, nikaona hata kile kiti cha wagonjwa kinaogelea. Lakini mimi ni mtu wa kusubiri, niliumbwa hivyo. Nikamwambia masizi hayajakauka, oili itayachukua, tungoje. Nikaosha brashi zote, hata zilizokuwa safi, nikaenda nyumbani.

Ijumaa nilipofika alikuwa ameshaitia mwenyewe.

Nitasema jambo, na msomaji anicheke akitaka. Kabla ya kuumia kwa ajili ya baba niliumia kwa ajili ya ndege. Lile doa lilikuwa baya. Lilikuwa zito, jeusi, limetuama kama mchuzi wa maharage uliomwagika kwenye kitambaa cha meza. Halikujua upepo. Lilishuka moja kwa moja chini kana kwamba ndege ilikuwa imesimama sokoni. Juu ya kazi yangu yote, huyu mtu alikuwa amemwaga hasira yake kwa kijiko, akaenda kunawa mikono na kuita mgonjwa wa kwanza.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa Doña Eulogia. Alikuja kurekebishiwa meno yake yanayomchubua, na meza ya ndege iko palepale, karibu na dirisha. Aliitazama akiwa amefungua kinywa. Alipotoka hakwenda nyumbani, alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda ambako baba hutengeneza pampu za maji na baiskeli. Haya aliniambia fundi viatu, ambaye kibanda chake kimepakana. Alimwambia baba, "Hongera, Kizibo. Binti yako amekuchora vizuri, hata kifuniko hakukisahau."

Saa ya chakula baba alifunga kibanda, akapanda ngazi zile zote hadi kliniki. Nilisikia kikohozi chake kabla sijamwona. Daktari alikuwa ameshatoka kwenda kula. Baba alivua kofia mlangoni kama anaingia kanisani, akasema, "Naza, nionyeshe."

Nilitaka kuifunika. Nilikuwa hata nimeshika taulo. Kisha nikajiuliza namfunikia nani, nikaiweka taulo chini.

Alizunguka meza akiwa ameshika mikono nyuma. Sikuwahi kumwona baba akitazama kitu namna ile. Aliinama kwenye magurudumu, akanyanyua uso, akaangalia nyuma ya mabomba ya moshi. Aliuliza nani ametia haya. Nikasema ni mimi. Kidole chake kikasimama juu ya bawa la kushoto, karibu na mwili, pale nilipokuwa nimebandua bluu nyingi kuliko mahali pengine pote, bila kuligusa.

"Hapa ndipo nilipokuwa naweka goti," akasema. "Nani alikwambia?"

"Hakuna. Nilifikiri mtu lazima aegemee mahali."

Akatikisa kichwa. Kwa muda mfupi alikuwa mtu mwingine, kijana mwenye goti. Kisha akafika mbele ya kioo, akalikuta lile doa. Akasimama. Nikamwambia upesi kwamba hilo si langu, hilo ni la Daktari. Akasema anaona, si mkono mmoja.

Nikajikuta nimemkasirikia yeye. Miaka yote ya pwap, miaka yote ya shingo iliyoinama. Nikamwuliza swali ambalo nyumbani kwetu haliulizwi.

"Baba, ulikifunga?"

Hakushtuka. Nadhani alikuwa amelisubiri tangu nilipojua kusema.

"Asubuhi ile nilifunga vifuniko vya ndege zote zilizokuwa uwanjani," akasema. "Mkono wangu unavikumbuka. Hiki unakikumbuka kuliko vyote. Lakini umekikumbuka mara nyingi mno, mwanangu. Sasa sijui kama unakumbuka kufunga au unakumbuka kukumbuka."

"Ungesema ndiyo. Neno moja. Wao walisema hukufunga, na hakuna hata mmoja aliyekuwepo."

"Nami nifanane nao?"

Nilitamani kumrushia kitu. Nilikuwa tayari kupigana na mtaa mzima kwa ajili ya mtu huyu, na mtu huyu hataki kunipa hata fimbo. Nikamwambia hivyo, kwa maneno mabaya zaidi ambayo sitayaandika. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaniambia kuna jambo moja analolijua bila shaka yoyote, na hilo angeapa mbele ya sanamu ya Bikira wa Suyapa akiwa amepiga magoti: ndege ile ilitoka mkononi mwake ikiwa safi. Aliipangusa kutoka puani hadi mkiani, kama walivyofundishwa, na Luteni alimtania kwamba anaipangusa kama bibi harusi.

"Nipe tambara," akasema.

Nilimpa. Nilimpa na chupa ya tapentaini, nikaifungua mimi mwenyewe.

Vanishi ya mwisho ilikuwa ipakwe Jumamosi, kwa hiyo hakuna doa lililokuwa limeshikizwa. Nilidhani ataondoa lile doa tu. Aliliondoa kwanza, kwa mapigo mafupi, halafu akakunja tambara upande safi akaanza puani. Masizi yakaondoka. Moshi wa bunduki ukaondoka. Ile michirizi myembamba niliyoichora kwa brashi ya nywele tatu kwenye kila kiungo, ikaondoka. Alikuwa hana papara wala hasira usoni, alikuwa kazini. Alipofika kwenye magurudumu akayapangusa matope, akapuliza vumbi lililobaki. Majuma yangu yote yalikuwa kwenye tambara. Ningeweza kumshika mkono. Nilikaa kwenye kile kiti cha wagonjwa nikamtazama, na kila alipohitaji tambara jingine nilimpa.

Kilichobaki ni bluu na pale ilipobanduka. Ndege safi ya mtu anayeitunza.

Daktari aliingia na kijiti cha kuchokolea meno mdomoni. Aliitazama ndege, akamtazama baba, kijiti kikaanguka.

"Kizibo," akasema. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akilitumia lile jina. "Umemwua mara ya pili."

Baba alilikunja tambara vizuri, akaliweka kwenye sinia la vyuma, akachukua kofia yake akatoka. Daktari akanigeukia mimi, akaniuliza ina maana nilisimama nikatazama tu. Nikamwambia hapana, nilikaa, na matambara nilimpa mimi. Alinifukuza. Alisema maneno mengi, na mengi kati yake yalikuwa ya kweli: kwamba alinichukua wakati hakuna nyumba iliyotaka kunichukua, kwamba alinifundisha kazi, kwamba nimemfedhehesha siku tatu kabla ya kumbukumbu. Mimi nilivua aproni yangu. Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna panga.

Jana alijaribu mwenyewe. Najua kwa sababu leo baada ya misa alikuja nyumbani, ameibeba ndege mikononi, imefungwa kwa taulo kama mtoto mgonjwa, na mikono yake ilikuwa na rangi hadi kwenye viwiko. Mtaa wote ulitoka madirishani. Nilimfungulia kwa sababu mvua ilikuwa inaanza na nilihofia bati. Aliiweka juu ya meza yetu, katikati ya vikombe vya kahawa na zile tortila za maharage tulizokuwa tunakula, akafunua taulo.

Maskini ndege. Alikuwa ameipaka masizi kwa kiganja. Madoa yalikuwa yanapanda badala ya kwenda nyuma.

Baba alinyanyuka, akachukua kikombe chake, akasema anakwenda kuwaangalia kuku. Alisimama nyuma ya ukuta wa mbao. Kuku walikuwa wameshaingia ndani, mvua inanyesha, na mtu yeyote angejua anasikiliza.

"Kesho saa nne," Daktari akasema. "Manispaa yote. Mama anakuja, ana miaka themanini, ameshashonesha nguo. Irudishe ilivyokuwa, Nazaria. Alhamisi ilivyokuwa, sio Ijumaa. Bila lile doa. Umesikia? Bila doa."

Kusema hivyo kulimgharimu, niliona. Alidhani ameniletea kitu kikubwa. Na labda siku nyingine ningekipokea, ningemshukuru, ningeosha brashi. Lakini nilikuwa nimekaa na hasira yangu tangu Alhamisi, nikaigeuza huku na huku kama ninavyogeuza jino kabla ya kulipaka, na nilikuwa nimeshaona mahali inapopungua rangi.

Nikamwuliza kesho atasema nini pale mbele. Akasema atasema machache, habari za kaka yake. Nikamwuliza atasema alikufaje. Akaanza kuikunja ile taulo. Nikamwambia ndege itakuwa haina doa, sawa, na watu watasimama mbele ya lile sanduku la kioo, watatazama kifuniko kisicho na doa, na mmoja atatia kidole shavuni. Doa wanalo kichwani. Wewe na mama yenu ndio mliwapa. Ulikuwa mtoto mdogo, Daktari, ulikuwa kwenu unakunywa uji siku hiyo, uliona nini?

"Na kama kweli alisahau?" akaniuliza. Hakuwa anabisha. Aliuliza kama mtu aliyejiuliza hivyo mara nyingi usiku. "Utaniambia nini kama kweli alisahau?"

"Sijui kama alisahau. Naye hajui. Nawe hujui."

"Mama anajua." Akajipangusa uso kwa mkono, akabaki na masizi shavuni. Alisema mama yake hakuwahi kuonyeshwa mwili. Alichopewa cha kuushikia msiba wake ni kile kifuniko. Kila siku mezani anakisema, kifuniko, kifuniko, mpaka chakula kinapoa. Akinyang'anywa leo, katika umri ule, ataanguka.

Nikamwambia mama yake ana picha kwenye fremu na bendera iliyokunjwa, na kesho atakuwa na ndege kwenye kioo. Baba yangu hawezi kunyolewa nywele kwa amani. Sauti yangu ilipanda, najua, maana dirisha la Doña Eulogia lilifunguka zaidi. Wala sikuishusha. Nilisema kila nilichokuwa nacho. Nilisema alininoa kama kisu ili nimkate baba yangu mwenyewe, na kwamba kama hiyo ndiyo kutokuwa na chuki, basi afadhali kinyozi. Nyuma ya ukuta baba alikohoa, lakini hakuingia.

Daktari aliangalia ndege yake. Alikuwa amechoka kuliko nilivyowahi kumwona, na kama nisingekuwa na hasira ningemwonea huruma. Na nilimwonea, hasira ikiwa palepale.

Nikachukua kiti nikakaa mkabala naye. Nikamwambia nitaanza sasa hivi. Nitasafisha hii takataka ya kiganja, nitarudisha masizi, moshi, matope, kila mchirizi, na asubuhi itakuwa kana kwamba Amílcar mwenyewe ameshuka humo dakika hii akaenda kunywa kahawa. Hata lile doa, akilitaka, nitalitia, na nitalitia vizuri, lifuate upepo. Nina ombi moja.

"Kesho ukisimama pale mbele," nikamwambia, "mama yako akiwepo, na baba yangu akiwepo, kwa sababu nitamleta, sema hakuna anayejua kwa nini ndege ilianguka. Sikuombi useme alifunga. Sema hakuna anayejua. Na mwite kwa jina lake, Hermógenes Cálix. Utasema?"

Mvua ilikuwa imekaza juu ya bati la nyumba. Daktari alinyoosha kidole, akalisukuma pangaboi la ndege kidogo, likazunguka, na sote wawili tukalitazama likizunguka.